Mtoro wa Dawati la Mbele

Enzi zetu, pale kijijini upande wa Mpapura, mtoto alihesabiwa yupo shuleni kwa mdomo wake, si kwa mwili wake. Mwalimu alisoma jina, nawe ukajibu "Nipo." Mimi nilikuwa na kigugumizi. Ile N ya mwanzo ilinikaa kooni kama mwiba wa samaki, na kabla haijaachia, mwalimu alikuwa ameshapita kwa Mwanaidi na Mwajuma. Kwa hiyo nilikaa dawati la mbele miaka mitatu, nikifagia uwanja, nikimwagilia bustani, nikichapwa pamoja na wenzangu, na kwenye daftari la mahudhurio nilikuwa mtoro sugu.

Ilikuwa miaka ya tisini. Sare zetu zilikuwa na madoa ya mabibo yasiyosikia sabuni yoyote, na msimu wa korosho darasa zima tulinuka moshi wa kubangulia. Jioni tulicheza rede, mdako na kombolela. Kwenye kombolela, mwenye zamu lazima ataje jina la aliyemwona. Nilikuwa namwona Mwanaidi nyuma ya banda la mbuzi, miguu yote nje, lakini hadi nimalize jina lake alikuwa ameshalipiga teke kopo la mchezo, zamu ikabaki kwangu, naye akaenda kwao kula ugali wa muhogo. Zamu yangu moja ilianza wakati wa mvua ikaisha kiangazi. Watoto wa siku hizi wanacheza kwenye simu, mahali ambapo hakuna haja ya kumwita mtu. Nadhani ningefanya vizuri sana.

Nyumbani walijitahidi kunitibu. Shangazi alininywesha maji kwenye gamba la konokono. Jirani mmoja akashauri nishtuliwe, basi Mjomba, kaka yake mama, akawa anajificha nyuma ya jiko na kunitokea ghafla kwa muda wa wiki nzima. Kigugumizi kilibaki palepale, nikaongezea na kuogopa jiko.

Nilipokuwa darasa la nne mwalimu mkuu alimwita mzazi. Mama alikwenda na Mjomba, maana kwetu mjomba ndiye mwenye neno juu ya mtoto wa dada yake. Mwalimu mkuu akafungua daftari na kuwaonyesha mstari wangu. Mama akaeleza kwa adabu kwamba mtoto anatoka nyumbani kila siku alfajiri na dumu lake la maji. Mwalimu mkuu akasema huenda anatoka, lakini shuleni hafiki. Mimi nilikuwa nimesimama katikati yao. Mjomba alinitazama, akalitazama daftari, na kwa kuwa daftari lilikuwa na muhuri, akaliamini daftari.

Njiani aliamua niache shule nikasaidie shambani.

"Mihogo haimuulizi mtu jina," alimwambia mama. Hakuwa na ubaya. Alikuwa ananitafutia kazi inayonifaa. Walipokaribia nyumbani mama akamwomba kaka yake aniache walau nimalize muhula ule. Mjomba akakubali. Usiku sikula, na hakuna aliyeniuliza kwa nini, pengine kwa kuogopa jibu litachukua muda.

Muhula huohuo tulipata mwalimu mpya, Mwalimu Dafroza, mwenyeji wa Bukoba, ambaye mume wake alikuwa karani bandarini Mtwara. Alishangaa lafudhi yetu ya Kimakonde, nasi tukashangaa yake ya Kihaya, tukawa hatudaiani. Siku ya tatu aliniita mezani kwake. Alisema kila asubuhi darasa likisimama kumwamkia, ananisikia nikisema "Shikamoo mwalimu" pamoja na wenzangu, na sikwami hata kidogo. Nilikuwa sijui. Watu wote walikuwa wakinisikiliza nikiwa peke yangu tu.

Tangu hapo, wenzangu wakienda nyumbani, sisi wawili tulibaki darasani tukisoma kitabu cha Kiswahili kwa pamoja, polepole, sauti mbili. Alinionyesha namna ya kulianza neno kwa pumzi laini bila kulisukuma. Hakuwa amesomea mambo hayo. Niliwahi kumuuliza nani alimfundisha. Akanijibu kwamba mdogo wake wa kike alikuwa na kigugumizi, na kwao walimtoa shule. Kisha akaniambia nifungue ukurasa.

Mchana mmoja tulikuwa kwenye somo la kilimo cha pamba, zao ambalo Mpapura hatulilimi. Katikati ya ukurasa nikagundua kwamba sauti ninayoisikia ni moja. Nikainua macho. Mwalimu alikuwa amefunga mdomo, sijui tangu lini.

"Endelea," alisema. "Pamba haijavunwa."

Nikakwama mara mbili, nikaendelea hadi ikavunwa.

Jumatatu iliyofuata aliita majina. Alipofika kwangu, hakupita. Alishika kalamu juu ya daftari akatulia. Kuna aliyecheka nyuma, akaambiwa asimame. Mbuzi alipita mlangoni, akatutazama, akaenda zake.

"Nipo," nilisema.

Hakuna aliyepiga makofi. Mwalimu aliweka alama, akamwita Mwanaidi.

Muhula ulipoisha mwalimu mkuu alimwarifu Mjomba kwamba mahudhurio yangu yamepanda mno. Mjomba alifurahi, akaninunulia daftari jipya. "Sasa umeacha utoro," aliniambia. Mama akageuka kutazama ukuta. Nilibaki shule.

Siku hizi nazunguka shule za Mtwara kwa bajaji, nikisaidia watoto wenye shida ya kusema. Wazazi huniuliza dawa ni ya siku ngapi, huku kidole kikisogeza picha kwenye simu. Vijana wanatumiana sauti zilizorekodiwa, kisha wanaziongeza kasi ili mwenzao amalize upesi. Juzi mama mmoja alinisikia nikikwama kwenye jina langu mwenyewe, akaniuliza, kwa heshima zote, mtaalamu atafika saa ngapi. Binti yake, ambaye hakuwa amefungua mdomo tangu waingie, alinitazama, akavuta kiti chake karibu na changu.

Nina kioo cha mtoto kutazamia mdomo wake, kadi za picha na fomu za kila rangi. Mwalimu Dafroza hakuwa na hata kimoja kati ya hivyo. Alikuwa na mchana mzima. Mimi ratiba inanipa nusu saa kwa kila mtoto.