Herufi za Mwajabu Hazikutoka Chuoni

Mwajabu Shaaban alikuwa amepanga herufi za risasi za kuchapia kwa miaka kumi na sita, Harithi Abdulrazaki alipomwambia kazi hiyo basi. Alimwambia mbele ya watu, mlangoni mwa kiwanda kidogo cha uchapaji karibu na stesheni ya Dodoma, siku kompyuta tatu zilipokuwa zikishushwa. Ilikuwa mwaka 1996. Ushirika uliokuwa na kiwanda ulikuwa umekufa, Harithi, mfanyabiashara wa pale mjini, akakinunua, na sasa alitaka kwenda na wakati.

"Mama Nasra, hizi ni mashine za wasomi," alisema. "Wewe utakuwa chumba cha karatasi, unakata na kufunga."

"Nani kasema ni za wasomi?"

"Mimi niliyezinunua."

Mwajabu akaenda chumba cha karatasi amefura. Alikuwa ametoka Kondoa na darasa lake la saba, hana cheti kingine. Lakini alisoma maneno kinyumenyume kama wengine wanavyoyasoma sawa, na akipitisha kidole juu ya herufi alijua kama imelika.

Kompyuta akakabidhiwa Thobias, kijana mwenye shahada kutoka Dar es Salaam, mpole, asiye na makuu. Miezi mitatu mambo yalikwenda. Ndipo akaja Mwalimu Mudrick, mstaafu kutoka Kondoa, na kitabu cha hadithi za Kirangi. Kirangi kina i ya kawaida na i nyingine iliyokatwa kwa mstari katikati, na u nayo vivyo hivyo. Ukizichanganya, neno linageuka neno jingine. Thobias akatafuta herufi hizo kwenye mashine, hakuziona.

"Tutachapa, halafu tutachora ile mistari kwa kalamu," alisema.

"Kitabu kizima?" Mwalimu Mudrick akaanza kukusanya karatasi zake. "Lugha yangu haitatiwa viraka, kijana."

Mwajabu alisikia yote kutoka chumba cha pili. Akaingia, akamwamkia mzee kwa Kirangi, kisha akamgeukia Thobias.

"Hizo herufi zilizomo ndani ya mashine, nani alizitengeneza?"

"Watu tu, mama. Ipo programu ya kuchorea herufi, ilikuja na mashine. Sijawahi kuifungua."

"Ifungue."

Harithi alikuwa safarini Kibaigwa siku hizo, hapakuwa na wa kumfukuza. Siku ya kwanza Thobias alishika kipanya, Mwajabu akaelekeza: mstari mnene mno, utajaa wino, sasa umekuwa mwembamba, utapotea kwenye karatasi hafifu, ushushe kidogo, macho ya msomaji yanapita juu. Siku ya tatu alichoka kuelekeza. "Nipishe hapo," akasema, akakaa mwenyewe. Mshale ukamkimbia hadi pembeni mwa kioo, akaurudisha. Kufikia Ijumaa herufi nne zilikuwa tayari, kubwa na ndogo. Mwalimu Mudrick alisoma ukurasa wa kwanza kwa sauti, akavua miwani, akaifuta, akaanza tena mwanzo.

Harithi aliporudi alifurahi sana, akampongeza Thobias.

"Si mimi," Thobias akasema. "Ni Mama Nasra."

"Basi mmesaidiana," Harithi akajibu, akapita.

Mwaka uliofuata Thobias alipata kazi kwingine. Tangazo likabandikwa: anatakiwa mkuu wa kitengo cha kompyuta, mwenye shahada. Mwajabu akaandika barua ya maombi, akaambatanisha kurasa mbili za kile kitabu.

"Shahada iko wapi?" Harithi akamuuliza.

"Sina. Kazi ninayo, umeishika mkononi."

"Mama Nasra, wateja wakiuliza mkuu wa kitengo kasomea wapi, nitawajibu nini?"

"Wajibu kasomea hapa, kwenye herufi zako za risasi ulizouza kwa kilo."

Hakupewa. Aliajiriwa Salwa, binti aliyetoka chuo kikuu mwezi uleule. Wiki hiyohiyo Mwalimu Mudrick akaleta kitabu cha pili, na Harithi akaja chumba cha karatasi na sauti ya chini. Alitaka Mwajabu amwelekeze yule binti.

"Nitamfundisha," Mwajabu akasema, bila kuacha kufunga karatasi. "Ila uniandikie barua, yenye muhuri, kwamba mkuu wako wa kitengo amefundishwa kazi na Mwajabu Shaaban wa darasa la saba."

"Unataka kuniaibisha?"

"Kama ni aibu, si mimi niliyeileta."

Harithi alikataa siku tisa. Salwa alihangaika peke yake, kisha akaenda mwenyewe hadi ofisini kwa tajiri. "Mwandikie, mzee," alisema. "Mimi sioni haya. Nilisoma mengi, hili sikulisoma."

Barua ikaandikwa, ikagongwa muhuri. Mwajabu aliisoma yote, akamrudishia: jina lake lilikosewa herufi moja. Ikaandikwa upya, ndipo akaanza kumfundisha Salwa.

Kwenye faili la ofisi alibaki mfunga karatasi, na mshahara haukusogea. Akavumilia miaka miwili. Mwaka 1999 akaondoka bila kuaga, akapanga chumba mtaa wa Nkuhungu, akaweka kompyuta moja kuukuu. Ubaoni nje aliandika jina lake, na chini yake: Mtengeneza Herufi. Mwalimu Mudrick alimfuata hukohuko na kitabu cha tatu.