Nilimwangusha Dada Aline kwa Ukurasa Mmoja

Nimekosa, jamani. Nimekosa na sina pa kulipeleka jambo hili, ndiyo maana nalileta kwenu msionijua. Jina langu liacheni, halitawasaidia kitu. Jueni tu kwamba ni mwanaume wa makamo, nafanya kazi katika halmashauri moja huku Johannesburg, na kosa langu nililifanya mchana kweupe, kikombe cha chai kikiwa mezani.

Baba yangu alikuwa Msauzi aliyekimbilia Tanzania wakati wa mapambano dhidi ya makaburu. Mama alikuwa Mluguru. Nilizaliwa Morogoro, nikaletwa huku nikiwa na miaka tisa. Kizulu nakisema, ila lafudhi inanichongea. Kazini wananiita Morogoro. Ni utani tu, nami nacheka nao, lakini kila nikiitwa hivyo najiona kama mtu anayekaguliwa mlangoni. Hilo lishikeni, maana ndilo lililoniponza.

Kule Jeppestown kuna jengo la zamani lililokuwa kiwanda cha mabegi. Ni mali ya serikali kuu, ila kwa miaka mingi mafundi cherehani wamekuwa wakifanya kazi humo, wengi wao Wakongo. Mmoja ni Mama Neema, mtu wa Bukavu. Mama yangu alipokuwa hai hakushonewa gauni na mwingine. Alipofariki, Mama Neema alishona sare za wanawake wote wa msibani na hakunidai hata senti.

Basi wizara ikataka kuliuza jengo lile. Halmashauri yetu haikutaka. Tulitaka tukabidhiwe sisi, tuwape mafundi vibali, wakae kwa amani. Lakini wizara haisikii barua! Kule Pretoria lazima uwe na mtu anayejua abishe mlango upi na amkalishe chini nani. Tukaamua kutafuta kampuni ya ushawishi, wale watu ambao kazi yao ni kwenda kukusemea kwa wakubwa.

Zabuni ikatangazwa. Mimi kazi yangu kwenye kamati ilikuwa kukagua makaratasi kwanza, kabla wenzangu hawajatoa alama. Mama Neema aliposikia alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Kumbe wewe uko mule ndani, mwana yangu?"

"Nimo, mama. Wewe lala usingizi."

Nilijibu kwa majidai kweli! Nikikumbuka natamani ardhi inimeze.

Bahasha za maana zilikuja mbili. Ya kwanza ilitoka kwa kampuni kubwa ya upande wa kaskazini, watu wa suti na majengo ya vioo. Ya pili ilitoka kwa Dada Aline, Mrundi, mwenye ofisi ya vyumba viwili Doornfontein juu ya karakana ya ngozi. Sikuwa namfahamu. Ila nilisoma andiko lake mara mbili, na nawaambia ukweli, lilinisisimua. Alikuwa amezunguka jengo lile ghorofa kwa ghorofa. Alijua mafundi wangapi wana vyeti na bomba gani linavuja. Alitaja afisa gani wizarani ana uwezo wa kusimamisha mauzo, na kwa kifungu kipi. Kampuni kubwa iliandika kurasa nyingi kuhusu maono na ushirikiano. Jengo lenyewe walikuwa wamelikosea mtaa.

Siku ya kuja kujieleza, Dada Aline alinikuta pale mapokezi. Sijui nani alimwambia kwamba nasema Kiswahili. Akanyoosha mkono, akatabasamu: "Habari ya asubuhi, kaka. Nimefurahi kumbe humu kuna mtu wa kwetu."

Bheki, mwenyekiti wa kamati, alikuwa nyuma yangu. Akacheka kwa nguvu. "Eish, Morogoro! Leo wametuletea dada yako!"

Wote wakacheka. Nami nikacheka.  Lakini nikaona kesho yake tayari: Morogoro kampa zabuni mtu wake, Morogoro analeta ndugu zake. Nikaanza kutafuta namna ya kujikosha.

Na nikaipata! Sheria yetu inataka kila ukurasa utiwe herufi za mwanzo za jina la mwenye kampuni, chini pembeni. Dada Aline alikuwa ametia kurasa zote isipokuwa mmoja, wa kumi na saba. Ukurasa wenyewe ulikuwa na ramani tu. Nikainua mkono mbele ya kamati.

"Huyu hajakamilisha. Aondolewe."

Bheki akanitazama. Sikilizeni vizuri, maana Bheki yuleyule aliyenitania ndiye aliyesema: "Hiyo si kasoro kubwa. Kanuni inaturuhusu kumpa siku mbili aje atie. Mpigie simu."

Kanuni hiyo naijua kuliko yeye! Nilishiriki kuiandika. Nikasema, "Hapana. Tukianza kubembeleza watu, tutaonekana tunapendelea." Nilisema "tutaonekana", kumbe nilijifikiria mimi peke yangu. Bheki akainua mabega, tukaendelea. Ile dhihaka ya mapokezi alikuwa ameshaisahau kabla hajakaa kitini. Niliyeibeba ni mimi.

Hapo ningekuwa nimeishia, lingekuwa kosa moja. La pili ni baya zaidi.

Kuna fomu ambayo kampuni ya ushawishi inataja wateja wake wengine, ili tusije tukaajiri mtu anayemsemea adui yetu. Kwenye fomu hiyo kampuni kubwa ilikuwa imeandika mstari mmoja: "Orodha itatolewa ikihitajika."

Niliuona mstari ule. Niliusoma. Mkono ukaenda kwenye simu niwaombe hiyo orodha, kisha ukarudi. Niliwaza kwamba nimeshamtoa Aline, sasa nikianza kuwachokonoa hawa watasema nina kinyongo kwa sababu dada yangu kaanguka. Nikatia alama ya vema. Imekaguliwa! Nilijiona mtu safi sana jioni ile.

Barua za matokeo zilipotoka, Dada Aline alinipigia.

"Kaka, nimesoma. Ni ukurasa gani?"

"Wa kumi na saba."

"Ah bon, kumbe ule wa ramani?"

"Ndiyo."

"Na hata simu, kaka? Hata simu moja tu?"

Nikamwambia kanuni ni kanuni. Hakunitukana, na ingekuwa nafuu angenitukana. Alisema asante, akakata.

Miezi ikapita. Kampuni kubwa ilituletea ripoti zenye picha nzuri na habari za vikao visivyoisha. Wizara haikutikisika. Kisha tukaitwa Pretoria kusikia uamuzi, nami nikaenda kuandika kumbukumbu za kikao. Jengo limeuzwa. Mnunuzi alikuwa ameketi upande wa pili wa meza, na aliyeketi ubavuni pake, akimnong'oneza sikioni, alikuwa bwana yuleyule wa suti aliyekuja kujieleza kwetu!

Mungu wangu! Nilidhani macho yananidanganya. Aliponiona alinipungia mkono bila wasiwasi wowote.

Kesho yake niliwaandikia: tunahitaji ile orodha. Ilinifikia kabla ya saa ya chakula. Yule mnunuzi alikuwa jina la tatu, na walikuwa wakimfanyia kazi tangu kabla ya zabuni yetu kutangazwa. Hawakuwa wameficha kitu, jamani. Hakuna aliyekuwa amewauliza, na wa kuwauliza nilikuwa mimi.

Nilimwonyesha Bheki. Aliisoma ile karatasi. "Yule mwanamke wa ukurasa," akasema, "angetusaidia, si ndiyo?"  Wanasheria wetu wanasema mkataba wa mauzo umekwisha kufungwa.

Wiki iliyofuata nilikwenda Jeppestown. Nilikuwa nimempa Mama Neema koti langu apunguze mikono. Nilimkuta amekaa juu ya boksi, cherehani imefungwa kwa shuka, vyumba vya jirani vitupu.

"Batu ba mwenye kununua balikuya na karatasi," akasema. "Banasema tutoke mbele ya mwezi kuisha. Mashini yangu nitaipeleka wapi? Kwangu kuko kitanda na jiko tu, basi."

Nilifungua mdomo nimwambie. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu kwenye robot, taa za magari, pale barabara kuu. Yeye akasimama, akanipa koti langu, amelipiga pasi, amelitia kwenye mfuko. Nikatoa pochi. Akanirudishia mkono.

"Hapana, mwana yangu. Weka feza yako. Najua ulitupigania mule ndani. Bale bakubwa ndio balikatala."

Nikachukua koti. Nikasema asante, mama. Nikaondoka! Mtu mzima na ndevu zangu, niliondoka na shukrani isiyo yangu kwenye mfuko wa plastiki.

Koti liko nyuma ya mlango wangu mpaka leo. Sijalivaa. Dada Aline nimempigia mara mbili, hapokei, na simlaumu. Kwa Mama Neema nitakwenda Jumapili, akitoka kanisani, nimweleze yote, ukurasa wa ramani na ile orodha. Nimeandika hapa kwanza ili nisipate tena pa kujificha.

Nanyi mnaokaa kwenye kamati za kuchagua watu, nawasihi. Mtu wa kwenu akija mlangoni, msimpendelee, lakini msimnyonge ili wengine wawaone safi. Mpeni ile simu moja ambayo mngempa mgeni yeyote. Na mkiona mtu ameandika kwamba atasema akiulizwa, muulizeni palepale. Mimi niliogopa kuitwa Morogoro mbele ya watu watano, na leo Mama Neema ananiita mwanangu huku akifunga virago vyake.