Mama Kwenye Hema la Leodegar

Mama yangu, Margareta, hakulia baba alipofariki. Ninalisema hili mapema kwa sababu kijiji kizima cha Uru kililisema kabla yangu. Wanawake waliokuja kupika msibani walinong'ona kwamba mjane ana macho makavu, na yuko aliyethubutu kuniuliza mimi, Violet, binti yake, kama wazee walikuwa wamegombana. Hawakuwa wamegombana. Mama alikuwa anamsubiri kaka yangu Leodegar.

Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume ndiye anayetangulia kutupa udongo kaburini. Leodegar ni meneja wa kambi ya mahema ya kifahari kule pwani, upande wa Pangani, na wiki ile kambi yote ilikuwa imekodiwa na watu wa harusi kutoka Ulaya. Tajiri wake hakumruhusu, au yeye hakuomba vya kutosha. Sijui, na nimechoka kutaka kujua. Jeneza lilikaa kando ya shimo mpaka padre akaanza kuangalia mawingu. Mwishowe baba mdogo Fabian akainama, akachota udongo, akautupa. Mama alikuwa bado anatazama njia ya getini. Tangu siku ile moyo wake ulikufa ganzi, na wa kwangu ukafuata.

Miezi mitatu baadaye Leodegar akapiga simu. Alisema mama amechoka, lazima akapumzike, amemwekea hema bure kwa siku nne na mimi niende naye. Kuhusu maziko hakugusia neno. Nilitaka mama akatae. Yeye alisema ni vizuri, akaenda kumtafuta mtu wa kumkatia ng'ombe majani.

Basi tukaenda. Hema lenyewe ni jina tu. Lina kitanda ambacho ukoo mzima ungelala na nafasi ikabaki, sakafu ya mbao, feni, na kibaraza kinachotazama bahari. Bafu halina paa. Mama akauliza kama mabati yaliwaishia. Taulo walikuwa wamelikunja mfano wa bata. Akalikunjua, akafutia miguu. Bahari, ambayo hakuwahi kuiona maishani, aliitazama kama mtu anavyotazama kambani kujua kama nguo zimekauka. Nilipomuuliza anaionaje, akasema maji ni mengi.

Walimletea pweza, wakamletea kamba wakubwa kama mkono wa mtoto, akala. Nilitaka kumwombea ndizi, akasema nisiwasumbue watu. Kila alichoulizwa alijibu ni vizuri. Laiti angelalamika hata mara moja, ningefurahi. Wahenga wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa kuwa pale hakuna aliyempa jembe, siku ya tatu mama alijitafutia ufagio na kuanza kufagia mchanga mbele ya hema. Wahudumu wakamnyang'anya kwa heshima zote, wakimwita bibi, wakamrudisha kitini. Akakaa.

Leodegar tulikuwa tunamwona akipita. Gari la wageni likifika, yeye yuko hapo na taulo baridi na madafu. Wakiondoka, anawafikisha mpaka getini, anapunga mkono hadi vumbi litulie. Kwetu alikuja kila jioni, redio ya mkononi ikiwa kiunoni, akauliza kama mama amepumzika. Mama akajibu amepumzika. Baada ya hapo ni habari za ng'ombe na mvua, kama watu waliokutana kwenye foleni ya benki. Mimi hasira zilikuwa zinapanda lakini hazifiki popote, zinalala hapo hapo kifuani.

Asubuhi ya kuondoka gari la kambi lilikuwa tayari, na yeye akaja kutuaga. Alikuwa amejaza boksi la samaki wakavu na nazi. Mama akamshika mkono.

"Umenipokea vizuri, Leodegar," alisema. "Nimeona wageni wako wote unawasindikiza mwenyewe. Baba yako alisindikizwa na Fabian."

Aliyasema bila ukali wowote, na akamwachia mkono. Redio ya kaka yangu ikamwita: wageni wapya wamefika, meneja yuko wapi? Akaichomoa kiunoni, akamkabidhi mlinzi, akapanda kiti cha nyuma na shati lake la kazi hilo hilo. Tulipita Korogwe, tukapita Same.

Tulifika Uru alasiri. Baba amelala kihambani, kwenye shamba letu la nyumbani, katikati ya migomba. Leodegar hakuingia ndani wala hakunywa maji. Alipiga magoti chini ya mti wa kahawa, akachota udongo kwa mikono miwili, akaenda nao kaburini. Hapo akakwama. Baada ya maziko alikuwa ametuma vigae, vyeupe, vya bei mbaya, na fundi aliifanya kazi yake vizuri: vilifunika kaburi lote na ukingo wake, hapakuwa na hata ufa. Akageuka na mikono yake imejaa.

"Mama, niuweke wapi?"

"Weka tu hapo juu, mwanangu. Atauona."

Akauweka. Mama alilitazama lile fungu dogo la udongo juu ya vigae, akakaa chini, akapiga yowe. Alilia kwa sauti ambayo sikujua kama anayo, akimwita baba kwa jina, Theodory, Theodory, na Leodegar akalia pembeni yake, na mimi nikakaa nao. Majirani wakaja mbio kupitia migombani, mmoja na unga bado mikononi. Mama Godlove wa mpakani akanishika bega, akaniuliza ni nani tena amefariki.

Nikamwambia ni baba.