Shemeji wa Meneja

Mwaka ulipotimia tangu Profesa aache kufundisha kemia chuo kikuu na kuingia kiwanda cha rangi, wenzake wa chumba cha vipimo walimnunulia keki. Badala ya kufurahi, akajiuliza nani kawaambia, na wanataka nini.

"Profesa" lilikuwa jina la utani tu. Huko chuoni alikuwa mhadhiri wa mkataba, mkataba wenyewe wa kubembeleza kila muhula, na tafiti zake zilitoka na jina la mkuu wa idara mbele, mtu aliyeingia maabara siku za wageni tu. Mkuu huyo alikuwa mcheshi kuliko wote pale, hodari wa kumvika mtu kilemba cha ukoka. Ndiyo maana siku hizi mtu akimchekea Profesa, anaanza kutafuta anafichwa nini.

Kazi mpya aliipenda, ila hakuthubutu kuisifia mbele za watu, asije akaambiwa anajifariji. Alipenda kuchanganya rangi, kuipaka kwenye kadi na kuianika dirishani. Aliwapenda hata wateja waliotaka nyeupe "isiyo nyeupe sana". Alirudi nyumbani kucha zikiwa za kijani, kesho yake za buluu, na watoto wakawa wanakisia rangi ya siku kabla mama yao hajavua viatu.

Meneja naye akaja kula keki. Akachukua kipande chake, akasema, "Hongera, shemeji." Kisha akakohoa. "Profesa, nilitaka kusema."

Machale yakamcheza. Shemeji kwa nani? Mumewe alishamwapia kwamba pale kiwandani hamjui hata mlinzi. Mchana kutwa Profesa akawa anaunganisha mambo: usaili wake ulivyokuwa mfupi, meneja alivyokosa kumwuliza kwa nini aliacha chuo, mumewe anavyobadilisha mazungumzo kila akitajiwa bosi. Kumbe alibebwa! Alikimbia idara ya kujuana, akaangukia kiwanda cha kujuana. Mwaka mzima aliokuwa akijipongeza kimoyomoyo ukamchachia.

Jioni akaingia ofisini kwa meneja na kufunga mlango.

"Bosi, unamjua mume wangu?"

Meneja akaanza kutafuta miwani iliyokuwa usoni mwake. "Tulisoma pamoja."

"Kwa hiyo ndiye aliyeniombea kazi."

"Hapana." Akajikuna kidevu. "Alikuja kuniomba nisikuchukue."

Profesa akavuta kiti, akakaa bila kukaribishwa.

"Alisema una hasira tu, zikipoa utarudi chuoni," meneja akaendelea. "Nikamwambia mimi narudishiwa makopo kila wiki, nyeupe yetu inageuka manjano ukutani. Ukiweza kuitibu, unabaki. Ukaitibu. Basi, yakaishia hapo."

Njiani alishindwa kujua acheke au alie. Kazi aliipata kwa mikono yake, hilo sasa lilikuwa wazi. Lakini aliyetaka kumfungia mlango analala naye kitanda kimoja.

Mumewe alikuwa jikoni, anamenya viazi.

"Rafiki yako anakusalimu," Profesa akasema.

"Rafiki gani?"

"Yule wa kiwandani, usiyemjua."

Kisu kikasimama. Mume hakukana. "Niliona umesoma miaka yote ile, mama. Niliogopa baadaye utanilaumu kwamba sikukuzuia."

"Si ungenizuia mimi? Kwa nini unizunguke?"

"Nilikosea. Halafu nikaanza kukusikia unaimba ukipiga pasi, nikaona haya kukwambia."

Lilikuwa jibu zuri, na uzuri wake ndio uliomtia wasiwasi. Profesa alimwangalia usoni kwa muda mrefu. Hakuona hila, ila hata usoni mwa mkuu wa idara hakuwahi kuiona.

"Basi mwalike," akasema. "Nataka kuwaona mkiwa pamoja."

Jumapili meneja akaja na mkewe, wakala, wakashiba. Profesa alipokwenda jikoni na vyombo, akawasikia wale wanaume wawili wanaangua kicheko sebuleni. Akarudi upesi, mikono bado ina povu. Kicheko kikakatika.

"Mnacheka nini?"

"Mambo ya shule," wakajibu kwa pamoja.

Mke wa meneja akainua mabega, kwamba naye hajui. Profesa akajifuta mikono, akajipenyeza katikati yao kwenye kochi.

"Haya," akasema. "Anzeni upya, taratibu."

Mumewe akamtazama meneja kwanza, ndipo akaanza kusimulia.