Majivu Kwenye Choo cha Karavani

Mimi ni fundi magari hapa Usagara. Nimelala chini ya malori tangu ujana wangu, nimekunywa dizeli kwa bahati mbaya mara mbili, na nilidhani hakuna chombo chenye boliti kitakachonishinda. Kumbe kilikuwepo choo. Tena choo cha mama mkwe.

Karavani lenyewe, ile nyumba ya magurudumu inayovutwa na gari, niliachiwa na wazee wawili wa Kizungu, mtu na mkewe, waliokuwa wakizunguka Afrika hadi ekseli yao ikakatika karibu na gereji yangu. Walisubiri spea wiki tatu, wakachoka, wakapanda ndege. Kabla ya kuondoka yule mama alinifundisha choo chao kwa saa nzima, nami nikawa naitikia ndiyo, ndiyo, kwa adabu tu. Chini kuna kisanduku cha uchafu, unakichomoa kwa nje na kwenda kukimwaga. Juu yake kuna tangi dogo la maji ya kusukumia, na pampu inayotumia betri. Maji yawe safi, na tangi lioshwe kwa siki mara kwa mara. Walipoondoka nikalifunika karavani turubai, kuku wakahamia chini yake.

Kisha mama mkwe akaanguka kwake kisiwani, huko Nansio, akavunjika nyonga. Alipotoka hospitali tukamleta kwetu, maana daktari alisema kwa miezi mitatu asichuchumae hata mara moja, na asikae mbali na kliniki. Nyumbani kwetu choo ni cha kuchuchumaa. Fundi ujenzi aliyeahidi kutuwekea cha kukaa alikuja siku moja, akavunja ukuta, akaenda kutafuta saruji, na mpaka leo anaitafuta. Mama akatangaza kwamba ndoo hatumii, yeye si mtoto mchanga, bora arudi kisiwani kwenye choo chake cha shimo. Na tulijua akirudi atachuchumaa, na nyonga ikiachia tena ndiyo basi, hatatembea. Mke wangu alilia usiku kucha. Asubuhi nikavua turubai, nikafukuza kuku.

Sasa, nani atamwaga? Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi saba, hata ndoo ya maji amekatazwa kubeba. Nikabaki mimi. Na asiyejua heshima ya mkwe amuulize Msukuma yeyote. Mimi na mama mkwe hatuli meza moja. Tukikutana uwani nampisha, nainamisha macho, shikamoo mama, marahaba baba, imetoka hiyo. Kumshika mkono tu ni mtihani, sembuse kubeba... jamani, naomba niishie hapo. Tulijua akigundua tu, kesho yake yuko kwenye kivuko.

Kwa hiyo mke wangu akamdanganya mama yake mzazi, mchana kweupe. Akamwambia choo kile kina dawa ya buluu inayoyeyusha kila kitu, hakimwagwi kamwe. Mama aliitazama ile chupa ya dawa, akamtazama binti yake, akasema Wazungu wana akili.

Nikawa mwizi nyumbani kwangu. Kila jioni mama alisali rozari chumbani kwa sauti, nami nikawa naegemea ukuta wa gereji nikisikiliza kuliko padri. Akianza tendo la kwanza, nachomoa kisanduku. La pili, niko nyuma ya migomba penye shimo. La tatu nasuuza, la nne narudisha, la tano nimeshakaa na spana mkononi, mtu na heshima zangu. Siku moja sala ilikatika katikati, sijui alichoka, akatoka na gongo lake akanikuta uwani nimekumbatia kisanduku. Nikasema ni betri ya lori. Akanipa pole na kazi.

Tangi la juu nalo lilikuwa na mambo yake. Mwanzoni nililijaza maji ya ziwa. Maji hayo tunafulia, tunaogea, tunaoshea magari, nikaona choo ni nani hadi kikatae. Siku ya nne likaota utelezi wa kijani ndani, na ukibonyeza kitufe bakuli lote linanuka dagaa. Nililisugua kwa mswaki wangu wa zamani, nikalisuuza kwa siki, na kuanzia hapo nikawa natia maji ya bomba niliyoyachuja kwa khanga. Siwezi kudanganya, nilianza kuringa. Hakuna tangi safi kama lile kutoka hapa hadi Busisi.

Halafu Jumamosi moja, mama akiwa amelala mchana, nikajaribu pampu, ikaguna na kunyamaza. Nikafungua kifuniko cha kujazia maji kule nje. Ndani kulikuwa na uji wa kijivu. Majivu!

Nilipandwa na hasira, nusura nimle mtu mbichi. Nilimfokea mke wangu, akaapa si yeye, na nilipotulia kidogo nikajua ni nani. Huku kwetu nani hatii majivu chooni? Mama yangu mwenyewe alikuwa na kopo lake mlangoni. Yanakata harufu, yanafukuza nzi. Ila choo cha shimo hakina pampu.

Nikaleta siki, chupa mbili, nikazimimina zote kwa pupa. Weee! Majivu na siki havipatani. Povu lilinguruma, likatoka tunduni, likanimwagikia kifuani, likafurika hadi miguuni kwangu. Kuku walikimbia. Mimi nikavua shati nizibe, mkono wa pili umezama tangini hadi kwenye kiwiko natafuta pampu, kisanduku nimeshakichomoa kiko wazi pembeni, huku nikitukana majivu, pampu, na ukoo mzima wa yule fundi ujenzi.

Nilipogeuka, mama mkwe alikuwa amesimama nyuma yangu na gongo lake.

Hapo ndipo mkwe anatakiwa ainamishe macho. Niliinamisha, nikakuta natazama kisanduku. Aibu ikanigeukia hasira, nikasahau hata kumwamkia. Nikamuuliza ni nani aliyemwambia choo hiki kinatiwa majivu.

Akaegemea gongo lake. Kisha akasema polepole, "Baba, mimi nilijua tangu wiki ya kwanza kwamba ni wewe unayebeba. Nilitia majivu kwenye lile tundu la nje, nikidhani yanaenda kisandukuni, ili nisikunukie. Na maji nimepunguza kunywa, kisije kikawa kizito."

Hasira yote ilinitoka kama upepo kwenye tairi. Katika miaka tisa ya ndoa sikuwahi kumtazama mama yule usoni, na sasa nikamtazama. Midomo yake ilikuwa imekauka hadi kupasuka. Tulikuwa tumeona, tukadhani ni dawa za hospitali.

Nilinawa kwa sabuni, mara tatu, nikaingia jikoni nikajaza kikombe maji ya kunywa. Mke wangu alinyoosha mkono apokee kikombe ampelekee yeye, kama ilivyo desturi. Nikampita. Nikampa mama kikombe mwenyewe, kwa mikono miwili.

"Kunywa, mama," nikasema. "Mimi nabeba injini."

Alikunywa palepale, amesimama, mpaka kikombe kikaisha. Akanirudishia, akasema bado ana kiu.