Tende ya Lazhar

Ukikutana na Lazhar Gharsalli kwa mara ya kwanza, utaona nyusi. Mmoja hupanda na mwingine hubaki chini, kama majirani wasiosemezana, na hata anaponunua vitunguu sokoni Bab Swika, muuzaji hucheka kabla hajaulizwa bei. Nyusi hizo ndizo zilizomtoa kwenye tanuri la mikate la baba yake zikampeleka jukwaani, kisha kwenye televisheni. Huko kwa miaka mingi aliigiza mlinzi, shahidi wa ndoa, na safari moja maiti aliyepiga chafya.

Mwaka huu, kichwa kizima kikiwa mvi, alipata alichokiota tangu ujana: nafasi kubwa katika kichekesho cha Ramadhani, kile ambacho Tunis nzima hukitazama ikiwa bado na kijiko cha supu ya shorba mdomoni. Alikuwa Bwana Mabruki, mkwe mchoyo anayehubiri subira.

Lakini siku za mwanzo zilipita na watu hawakucheka. Vipindi vilirekodiwa huku vingine vikirushwa, hivyo kumwondoa mtu ilikuwa rahisi. Wided, mwongozaji, alimweleza bila kuficha kwamba wakubwa wa kituo wanataka Mabruki ahamie kwa binti yake Ufaransa na asirudi. Alikuwa amebakiwa na kipindi kimoja cha kuwabadilisha mawazo.

Kipindi chenyewe kilikuwa cha meza ya futari. Walirekodi alasiri, jua likiwaka nje, waigizaji wote wamefunga. Adhana ingepigwa kwenye spika, Mabruki angeinua tende na kuhutubia juu ya subira hadi briki, zile sambusa za yai, zipoe.

Adhana ikalia. Mkono wa Lazhar ukafanya ulichozoea kufanya tangu utotoni. Alisema bismillahi, akaitia tende mdomoni, akatafuna, akameza.

Ndipo akakumbuka.

Unyusi mmoja ulipanda taratibu, ukagoma kushuka. Mabega ya mpiga picha yakaanza kutikisika, lakini Wided aliinua kidole, kamera zisizimwe. Lazhar akamgeukia Bibi Habiba, mwigizaji mkongwe aliyekuwa mama mkwe wake.

"Mama mkwe, jua unaliona dirishani. Mbona umeniacha?"

Bibi Habiba hakupepesa jicho. "Nilidhani unaonja chumvi, mwanangu."

Studio nzima ikaangua kicheko. Fundi wa taa ilibidi ashuke ngazi. Wided, akifuta machozi, alikwisha kupata njia: watasema adhana ile ilitoka redio ya jirani iliyoshika kituo cha Sfax, ambako jua hutangulia kuzama, na Mabruki kwa uroho wake akafuata adhana ya mji mwingine. Hata hivyo alimvuta Lazhar pembeni. Akitaka, watarudia. Wasiporudia, nchi nzima itamwona akila mchana wa Ramadhani, na habari za studio hazifichiki.

Lazhar alimpigia simu mkewe, Dalenda, akamsimulia yote kwa sauti ya mtu anayeungama. Dalenda alicheka mpaka simu ikamponyoka.

"Sisi Wamaliki, hata aliyesahau hulipa; siku utailipa baada ya Idi, baba Aida," alisema alipoiokota. "Lakini sura hiyo huwezi kuirudia. Waachie hivyo hivyo."

Akawaachia. Hakutia kitu kingine mdomoni hadi jua lilipozama kweli.

Leo ndiyo siku ya kipindi hicho kurushwa. Dalenda amepanga meza, binti yao Aida amekuja na mumewe, na kwa ajili ya joto madirisha ya mtaa mzima yako wazi, kila moja na televisheni yake. Adhana imekwisha. Lazhar amekunywa maji tu. Shorba inapoa mbele yake. Matangazo ya biashara yanapita, la sabuni, la mtindi, la simu. Aida anamwambia ale, hasikii. Ametega sikio nje, kwenye madirisha ya watu, asikie kama watacheka.

Muziki wa kipindi unaanza.