Mchanga wa Sentimita Kumi na Mbili

Shangazi yangu hajaua samaki kwa uzembe. Nasema hivi mwanzoni kabisa kwa sababu ipo barua inayosema kinyume. Imeandikwa na mtu msomi, ina mhuri, na ni uongo mtupu.

Alianza kazi katika kliniki ya meno kama mpiga deki, mjane wa miaka arobaini na kitu mwenye mgongo mbovu. Kwenye ukumbi wa wagonjwa palikuwa na tangi la kioo la maji ya chumvi, refu kama meza ya kulia watu wanane, lenye samaki na matumbawe hai. Mtu aliyelitunza akaacha kazi ghafla. Daktari mzee, mwenye kliniki, akamwomba shangazi awatupie samaki chakula mpaka apatikane mwingine. Hakupatikana mwingine. Mwaka wa kwanza aliua samaki tisa, kwa kutojua, na huwa anawataja mwenyewe bila kuulizwa. Ndiyo maana namwamini kuhusu wengine wote.

Hao tisa walimfunza kwamba mambo yote yako kwenye kina cha mchanga. "Ama sentimita tatu, uusafishe kila wiki," alikuwa akituambia, "ama kumi na mbili, usiuchokoze kabisa. Hapo katikati unajitafutia balaa." Yeye alichagua kumi na mbili. Huko chini, ambako hewa haifiki, huishi vidudu visivyoonekana vinavyomaliza sumu itokanayo na kinyesi cha samaki. Huku juu, konokono na minyoo wadogo huugeuza mchanga wenyewe, tena hawaombi likizo. Kila Jumamosi alipima pembe zote nne kwa rula, hata wenzake wakambatiza Bi Rula. Mchanga ule ni matumbawe yaliyosagika, nao huyeyuka kidogo kidogo kadiri miaka inavyokwenda, kwa hiyo akiona umepungua aliongeza kikombe kimoja, polepole, kupitia bomba, asije akatibua maji. Alifanya hivyo miaka kumi na mmoja. Watoto waliokokotwa kutoka mlangoni wakilia walinyamaza wakifika mbele ya kile kioo, na hilo hakuna aliyeliandikia barua.

Mzee akastaafu, kliniki akamwachia mkwewe. Huyu bwana ni bingwa wa kung'arisha meno, na ukizungumza naye hakutazami machoni, anakutazama mdomoni. Siku yake ya kwanza alichuchumaa mbele ya tangi, akaona mstari mweusi chini kabisa, pale mchanga unapogusana na kioo. Sasa, kwa daktari wa meno weusi chini ya fizi ni ukoga uliogandamana, na ukoga hukwanguliwa.

"Mama, huu uchafu ni wa tangu lini?"

"Si uchafu, daktari. Ndimo vinamoishi vidudu vinavyosafisha maji."

"Vidudu? Kwenye kliniki yangu?"

Shangazi akamweleza taratibu, rula mkononi. Yeye akaitikia "sawa, sawa," kama anavyomwitikia mgonjwa anayechelewa kufungua mdomo.

Jumapili, siku ambayo shangazi hayupo, mheshimiwa akaja na mpira wa kunyonyea maji na koleo dogo. Dada wa mapokezi alikuwepo, na ndiye aliyetusimulia. Daktari alichimba mpaka akagonga kioo cha chini. Akageuza, akasuuza, akatoa ndoo nne. Harufu ya mayai viza, ya sumu iliyokuwa imefungiwa chini ya mchanga, ikajaa ukumbi mzima, naye badala ya kushtuka akajipiga kifua: "Unaona? Nilisema ni uchafu." Alipomaliza, mchanga ulikuwa mweupe kuliko meno ya kwenye matangazo yake. Kina chake kilikuwa sentimita sita.

Jumatatu asubuhi shangazi alikuta samaki kumi na wanne wakielea ubavu. Kabla hajagusa hata mmoja alitumbukiza rula, akasoma, akaelewa kila kitu. Wagonjwa walikuwa wameshaketi. Daktari akatoka chumbani kwake akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Mama, ona uzembe wako ulipotufikisha." Mtu yule hana haya wala hajui vibaya. Dada wa mapokezi akafyata mdomo. Ana watoto wa kusomesha, kwa hiyo simlaumu sana, lakini namlaumu.

Mchana shangazi akaletewa barua. Ilisema kwamba yeye, kwa kutojali, aliacha mchanga ukaoza mpaka samaki wakafa. Akitia saini, atarudishwa kwenye deki amalizie miaka miwili iliyobaki kabla ya kustaafu. Asipotia, aende. Yaani mtu achimbe kwa mikono yake mwenyewe, aue, halafu amkabidhi mjane mizoga na kumwambia aseme ahsante.

Shangazi akaomba kalamu. Chini ya maneno yale akaandika: "Jumamosi saa kumi jioni mchanga ulikuwa sentimita kumi na mbili, pembe zote nne." Akatia saini chini ya maneno yake, akavua aproni, akaondoka. Kesho yake nakala isiyo na mwandiko wake ikabandikwa kwenye ubao wa wafanyakazi.

Miezi miwili ikapita. Samaki wapya wakanunuliwa wakafa, wengine wakaletwa nao wakafa, na mwani ukafunika matumbawe yote. Nimeyajua haya kwa sababu daktari mwenyewe alinipigia simu, baada ya kumpigia shangazi mara nyingi bila kupokewa. Sauti ilikuwa tamu kama asali. "Mwambie mama sisi ni familia moja. Yaliyopita tuyaache. Nafasi yake ipo, na mchanga ataweka anavyotaka yeye."

Nikamfuata chumbani. Alikuwa amekaa kitandani akikunja nguo, na nikiri kwamba nilitamani akubali, maana najua anavyolipenda lile tangi.

"Shangazi, daktari amepiga simu. Anataka urudi, na mchanga uweke unavyotaka."

Hakuinua kichwa. "Amesema ni nani aliyechimba?"

"Hilo hakusema."

Akanyoosha shuka, akalinganisha pembe zake, akalikunja.

"Basi hajapiga," akasema.